Msumeno wa Upande Mmoja: Lugha ya Kanuni za Sura na Mavazi Shuleni

Wasemaji wa Kiswahili husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huu hutajwa sana katika hotuba na katika magazeti, lakini ni nadra kupimwa juu ya maandishi ambayo watoto hukutana nayo kabla ya sheria nyingine yoyote, yaani kanuni za shule. Maneno yanayoeleza nywele zikatwe namna gani, sketi ifike wapi na kucha ziweje hayahesabiwi kuwa fasihi, wala si desturi ya wahakiki kuyatazama. Hata hivyo ni maandishi ya Kiswahili yenye wasomaji wengi. Mzazi wa Tanzania ambaye mwanawe amechaguliwa kuingia kidato cha tano hupokea maelekezo ya kujiunga na shule, naye huyasoma kwa uangalifu kuliko asomavyo gazeti, kwani jambo moja likimpita mtoto aweza kurudishwa nyumbani. Maandishi yenye nguvu kama hiyo yastahili kuhakikiwa kwa makini yale yale yanayotumika kuhakiki utenzi.

Swali linalochunguzwa hapa ni moja: kwa nini kanuni iliyoandikwa kwa neno moja kwa watu wote huwaangukia wavulana na wasichana kwa uzito usiolingana? Jibu la kawaida ni kwamba kosa ni la msimamizi, si la maandishi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Maandishi yenyewe humwachia msimamizi nafasi, na nafasi hiyo imo katika maneno yaliyochaguliwa.

Neno "mwanafunzi"

Sarufi ya Kiswahili haibagui mwanamume na mwanamke katika upatanisho wake. Kiambishi a- katika "anasoma" humhusu yeyote, na "yeye" ni mmoja tu. Mwandishi wa Kiingereza aandikapo kanuni hana budi kuamua atumie kiwakilishi gani. Mwandishi wa Kiarabu hana budi kuamua hata katika kitenzi. Mswahili huandika "mwanafunzi" na kuendelea. Wengi wamelisifu jambo hili, na sifa hiyo ni ya haki.

Lakini usawa wa sarufi si usawa wa maana. Ichukuliwe sentensi ya namna hii, ambayo mfano wake si mgeni kwa mtu aliyepata kusoma kanuni za shule: "Mwanafunzi anatakiwa awe nadhifu, avae kwa heshima na kwa stara wakati wote." Hakuna herufi hata moja inayomtaja msichana. Hata hivyo msomaji akifika kwenye neno "stara" picha iliyomo akilini mwake hubadilika, na yule mwanafunzi asiye mume wala mke huwa ghafla amevaa sketi. Neno "nadhifu" halina nguvu hiyo. Shati lililochomekewa, kiatu kilichopigwa rangi, kucha zilizokatwa, vyote ni unadhifu, na kila kimoja chaweza kuonekana na kukubaliwa na watu wawili wasiopendana. Stara haina kipimo cha namna hiyo.

Asili ya neno hili haikuwa finyu. Limetoka katika Kiarabu, katika shina lenye maana ya kufunika na kusitiri, na pwani ya Afrika Mashariki wanaume kwa wanawake humwomba Mungu awape stara, maana yake awafichie aibu zao na kuwalinda na ufukara. Mafundisho ya Kiislamu humwekea mwanamume naye mpaka wa mwili apaswao kuufunika. Ni matumizi ya shule na ya ofisi ndiyo yaliyolibana neno hili mpaka likawa karibu mali ya msichana peke yake. Neno "heshima" nalo limekwenda njia hiyo: mvulana asiye na heshima ni yule aliyemjibu mwalimu vibaya, msichana asiye na heshima aweza kuwa hajafungua kinywa, bali pindo la sketi yake limepanda.

Matokeo yake ni mazito. Mvulana aliyeacha shati nje huamriwa kulichomeka, na kosa lake limekwisha papo hapo mstarini, kwa sababu lilikuwa kosa la shati. Msichana aliyeambiwa kwamba hana stara hawezi kulichomeka kosa lake mahali popote. Limeandikwa juu ya tabia yake, naye hutoka nalo mstarini akaingia nalo darasani.

Sauti ya kitenzi

Hata hivyo si kweli kwamba Kiswahili hakijui kabisa kutenga mume na mke. Hutenga katika mnyambuliko wa kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa; mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Tofauti hii ambayo imekosekana katika kiwakilishi imejificha katika kauli.

Mfano ulio bora zaidi umo katika jambo lililo jirani na mavazi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu kufukuza wanafunzi, ambazo ziliandikwa kwa Kiingereza, zilitaja kosa dhidi ya maadili na kosa la kufunga ndoa. Mimba haikutajwa humo. Maneno yalikuwa ya wote. Lakini kwa miaka mingi kosa hilo la maadili lilisomwa kuwa mimba, na wasichana waliondolewa shuleni kwa msomo huo, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotoa waraka wa kuwaruhusu kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Katika Kiswahili cha kila siku jambo hili lilielezwa kwa maneno "mwanafunzi amepata mimba". Hapana mtenda katika maneno hayo. Mimba imepatikana kama vile homa inavyopatikana. Hata pale iliposemwa "amepewa mimba", kauli ya kutendwa ilimruhusu msemaji akome kabla ya kufika kwenye neno "na", ambalo baada yake lingelazimika kufuata jina la mtu.

Hapa ndipo kanuni za sura na kanuni za maadili zinapokutana. Zote mbili hukaguliwa kwa jicho, na jicho huona tumbo lakini halioni ubaba. Maandishi yanayosema "maadili" bila kuyafafanua humkabidhi msimamizi kazi ya kutafuta mahali maadili yanapoonekana, naye huyatafuta juu ya mwili ulio rahisi kusomeka.

Kanuni iliyo wazi na kanuni iliyofichwa

Inafaa sasa kutazama nchi ambayo lugha ya kanuni zake hutaja wavulana na wasichana waziwazi, ili ionekane ni lipi kati ya mawili hayo lililo jema. Nchini Marekani, shule moja ya North Carolina iliandika kwamba wasichana wasivae suruali. Wazazi walikwenda mahakamani mwaka 2016, na Juni 2022 mahakama ya rufani ya huko iliamua kwamba kanuni hiyo inavunja haki ya usawa chini ya katiba. Katika jimbo la Indiana, kijana mmoja alizuiwa kucheza mpira wa kikapu kwa sababu ya urefu wa nywele zake, na kanuni hiyo haikuwahusu wachezaji wa kike; mwaka 2014 mahakama ya rufani iliamua kwa upande wake.

Jambo la kuzingatiwa katika mashauri haya mawili ni kwamba ubaguzi uliandikwa. Aliyetaka kuupinga alikuwa na karatasi ya kuweka mbele ya jaji. Kanuni ya Kiswahili isemayo "mwanafunzi awe na stara" haina karatasi hiyo. Mzazi akilalamika kwamba binti yake amekaguliwa mara nyingi kuliko kaka yake, ataonyeshwa kanuni na kuambiwa kwamba ni ya wote, na kwa hakika ni ya wote. Usawa wa kiambishi a- umekuwa kinga ya utekelezaji usio sawa.

Washauri wa zamani hawakuandika hivyo. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alimwambia binti yake waziwazi kwamba anasema naye, akamfundisha usafi, manukato na mapambo yampasayo mke nyumbani mwake. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Msomaji wa leo aweza kukataa mengi ya mashauri hayo, na aweza kuuliza kwa nini mtoto mmoja aambiwe hili na mwingine lile. Lakini aweza kuuliza kwa sababu mtungaji alitaja anayemwambia. Kanuni ya shule imechukua maudhui ya wosia wa binti na kuyavika neno lisilo na mwenyewe.

Kwamba orodha inayowataja wote haiwaangukii wote sawasawa si jambo jipya nchini Tanzania. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza Januari 1, 1969. Mambo yaliyopigwa marufuku yalikuwa vimini, mawigi, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana. Suruali za kubana zilikuwa za vijana wa kiume, na kwa hiyo tangazo lilikata mbele na nyuma. Lakini katika siku za Oktoba hiyo hiyo, walioshambuliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya mavazi yao walikuwa wanawake. Tangazo lilikuwa na pande mbili, na umati ulisoma upande mmoja.

Upande wa wavulana

Haitakuwa haki kusema kwamba wavulana hawana la kulalamikia. Kuhusu nywele, mzigo mara nyingine ni wao wanaoubeba: ziko shule ambamo wasichana huruhusiwa kusuka, na mvulana mwenye nywele ndefu kidogo hunyolewa. Katika wilaya moja ya shule ya Texas, ambayo iliweka kikomo cha urefu wa nywele kwa wavulana tu, kijana mmoja aliwekwa nje ya darasa lake kwa sehemu kubwa ya mwaka wa masomo wa 2023 na 2024. Na Februari 2024 mahakama ya jimbo iliamua kwamba sheria ya kuzuia ubaguzi wa mitindo ya nywele haikukataza kikomo cha urefu.

Adhabu nayo hutofautiana. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu viboko zinaweka kikomo cha viboko 4, na zinataka mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale asipokuwapo. Kifungu hiki chafaa kuangaliwa na mwanaisimu, kwa kuwa chaonyesha kwamba mtunga sheria akitaka kutenga wa kike na wa kiume hana shida ya maneno. Akisema "mwanafunzi" tu, basi amechagua kutotenga, na msimamizi hana ruhusa ya kutenga kwa niaba yake.

Tofauti kubwa imo katika namna makosa yanavyoitwa. Suruali iliyoshushwa kiunoni ina jina lake, mlegezo, na mvaaji wake huitwa mtundu. Utundu ni neno lenye nusu ya tabasamu, nalo hutabiri kwamba mtoto atakua na kuacha. Neno analopewa msichana halina tabasamu wala halitabiri kuacha. Mmoja hupata fimbo na msamaha; mwingine pengine hakuguswa na fimbo, lakini hakusamehewa. Hapana haja ya kubishana ni nani aliyeumizwa zaidi. Yatosha kuona kwamba kanuni moja imezaa hukumu mbili za aina mbili.

Marekebisho ya maandishi

Kanuni hizi zaweza kuandikwa upya bila gharama. Kwanza, kila neno la tabia lililotumiwa kueleza nguo liondolewe, na mahali pake pawekwe kitu kinachopimika. "Sketi au suruali ifunike goti" ni sentensi inayoweza kutekelezwa na walimu wawili wenye mawazo tofauti. "Vazi la heshima" si sentensi ya namna hiyo. Pili, pale ambapo wavulana na wasichana wanatakiwa kutofautiana, patajwe, na sababu ielezwe kwa kauli ya kutenda. Sababu isiyoweza kuandikwa waziwazi, kwa mfano kwamba wavulana watashindwa kusoma wakiona goti, itajulikana udhaifu wake mara tu itakapoandikwa, kwani mtenda katika sentensi hiyo ni mvulana, na aadhibiwaye ni mwingine. Tatu, mwalimu wa zamu aandike katika daftari ni nani aliyekaguliwa na kwa kosa gani, ili mwisho wa muhula mkuu wa shule aweze kuhesabu.

Pendekezo la tatu si la lugha, na kuwekwa kwake hapa ni kukiri mpaka wa uhakiki huu. Sentensi iliyo bora haimshiki mkono yule anayepita mstarini asubuhi akichagua wa kumsimamisha. Lakini itamnyima neno la kujifichia. Na mzazi atakayefika ofisini siku hiyo kuuliza habari za binti yake atakuwa na kifungu cha kukisoma kwa sauti, na daftari la kulinganisha nacho.