Feni ya Belti Haikustahili Kung'olewa

Tumeiona bagi moja ya Beetle ikijengwa toka chasisi hadi rangi. Uchomeleaji, roli keji na sospenshi vimefanywa na watu wanaojua kazi, na hapo sina neno. Neno langu ni juu ya hatua ya kung'oa feni ya belti pamoja na kasha lake na mabati yote, kisha kufunga feni mbili za umeme za rejeta zikipuliza kutoka juu moja kwa moja kwenye silinda, eti injini imepunguziwa mzigo. Uamuzi ule ulikuwa mbaya, na ubaya wake unaonekana kwenye hesabu kabla gari halijagusa mchanga.

Injini ya Beetle haina maji, lakini pia haipozwi na upepo wa safari. Imefungiwa nyuma, na hewa yote inayoifikia inasukumwa na feni iliyo ndani ya kasha: takriban lita 500 kila sekunde injini ikiwa kwenye mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Wingi huo peke yake hautoshi bila shinikizo, kwa sababu hewa inapaswa kupenya katikati ya mapezi yaliyobanana na kuzungushwa na mabati hadi upande wa chini wa silinda. Feni ya belti, inayonyonya hewa katikati na kuitupa pembeni, iliundwa kwa ajili ya kubana namna hiyo. Feni ya rejeta ni pangaboi: panapokuwa wazi inasukuma hewa nyingi, ikikutana na kizuizi inaanza kuichapa hewa ileile papo hapo. Namba iliyoandikwa kwenye boksi lake hupimwa bila kizuizi mbele. Na wajenzi wetu wameondoa hata mabati, kwa hiyo hewa kidogo inayoshuka inafuata njia rahisi na kumwagika pembeni, huku hedi, pale ilipo valvu ya moshi, ikiachwa iive. Kipoza oili wamekihamishia pembeni vizuri, nakubali.

Utetezi wa kwanza ni kwamba feni ya belti inakula nguvu. Inakula kweli, nguvu farasi kadhaa injini ikikaza, na mizunguko ikiongezeka maradufu feni inadai nguvu mara 8. Lakini nguvu hiyo haipotei, inageuka upepo. Anayetaka upepo uleule kwa njia ya umeme atailipa nguvu ileile, na juu yake ataongeza hasara ya alteneta na hasara ya mota. Alteneta za Beetle za miaka ya 1970 zilitoa ampea 50 hadi 55. Zidisha 55 kwa volti 14, unapata wati 770, yaani nguvu farasi 1 na kidogo, kabla hujawasha hata taa. Kwa hiyo feni zile haziwezi kuifikia kazi ya ile iliyong'olewa, na nguvu wanayojivunia kuiokoa ni upepo ambao injini imenyimwa. Ni ugonjwa uleule wa puli ndogo ya krenki, inayopunguza kasi ya feni lakini huuzwa kama kipuri cha mashindano, na wa kutupa themostati na mipira inayoziba kingo za chumba cha injini. Nimeupigia kelele kwa muda mrefu na sioni sababu ya kunyamaza leo.

Hoja yao yenye uzito ni ya kutambaa. Kwenye mchanga mzito gari linakwenda polepole, mguu umekanyaga mafuta, injini inazunguka taratibu na feni nayo taratibu. Hilo ni kweli, ila kila mzunguko unachoma kipimo chake cha mafuta, hivyo mizunguko ikishuka joto nalo linashuka. Pengo linalobaki linazibwa na gia fupi. Waliotengeneza Kübelwagen, gari la kijeshi la Volkswagen, walitakiwa kuunda gari linaloweza kwenda sambamba na askari anayetembea kwa miguu, kilomita 4 kwa saa. Wakaweka gia za kupunguza mwendo kwenye magurudumu ya nyuma, injini ikaendelea kuzunguka sawasawa huku gari likitambaa, na feni ikaendelea kupuliza. Gari lile lilipita jangwa la Afrika Kaskazini. Kombi zilirithi gia hizo hadi 1967.

Kisha wanasema belti hukatika. Hukatika, na papo hapo taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, kwa kuwa belti hiyohiyo inazungusha dainamo au alteneta. Dereva anasimama, anafunga nyingine. Fyuzi ya feni ya umeme ikiungua, au relei ikiganda kwa vumbi, nani atamwambia? Na belti yenyewe bado ipo, maana bila alteneta feni hizo hazina chakula. Anayeogopa belti kwa dhati atazame Citroën 2CV: feni imefungwa kwenye ncha ya krenki, haitegemei belti, na mwaka 1973 magari hayo yalisafiri kutoka Abidjan hadi Tunis. Wala belti si dhaifu: Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki ya 1962 kwa Volkswagen 1200 yenye feni ya belti. Mwaka 1967, Vic Wilson na Ted Mangels walishinda mashindano ya kwanza ya jangwa la Baja kwa bagi ya Meyers Manx, saa 27 na dakika 38, injini ileile ya Volkswagen mgongoni. Wajenzi wa leo hawajatuonyesha jangwa lililo gumu kuliko hayo.

Umeme una nafasi yake. Feni moja kwenye kile kipoza oili cha pembeni, yenye swichi ya joto, inayoendelea kupuliza hata injini ikizimwa, ni nyongeza ninayoiunga mkono bila masharti. Lakini geji waliyotuonyesha kama ushahidi ilikuwa ya oili tu, na oili inaweza kuwa na joto la kawaida wakati hedi inaungua. Warudishe kasha na mabati, wafunge kipimo cha joto chini ya plagi ya silinda namba 3, ile ambayo tangu zamani ndiyo huchemka kwanza, halafu wapandishe kilima kilekile kwa feni ya belti na kwa feni zao.