Njia Iliyofukiwa na Theluji

Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345 tu. Aliyezoea kusikia habari za Kilimanjaro au Mlima Kenya anaweza kuudharau. Majira ya joto maelfu ya watu huupanda kwa njia iliyotengenezwa mwaka 1883 ili farasi wafikishe mizigo kwenye kituo cha hali ya hewa kilichokuwa kileleni. Mpandaji hufuata njia, na njia humwamulia kila kitu. Desemba ikiingia, theluji huifukia pamoja na kona zake zote, na mbele ya macho hubaki mteremko mweupe usio na alama. Hapo huanza ufundi ninaotaka kuusifu: kuipata njia ambayo jicho haliioni.

Kazi yenyewe huanza mezani, kabla buti halijafungwa kamba. Swali la kwanza la mpandaji wa majira ya baridi ni hili: jana na juzi upepo ulitoka wapi? Uskoti upepo mwingi huvuma kutoka kusini-magharibi. Huikwangua theluji upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, tabaka juu ya tabaka zisizoshikana vizuri. Tabaka hizo zikilala kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja waweza kuziporomosha zote. Kwa hiyo korongo linalomkinga mtu na upepo mwezi Julai huwa mtego mwezi Februari, na mgongo wa mlima uliopigwa na upepo hadi mawe yakachomoza ndio huwa barabara. Mabaharia wa pwani yetu walilijua jambo la namna hii: bahari ni ileile, lakini kaskazi ina safari zake na kusi ina zake.

Swali la pili huulizwa ramani: mteremko ni mkali kiasi gani? Mwaka 1774 mwanaastronomia Nevil Maskelyne alipima mlima mwingine wa Uskoti, Schiehallion, akitafuta kujua uzito wa dunia. Charles Hutton, aliyekabidhiwa hesabu hizo, alikuwa na rundo la vipimo vya urefu visivyosomeka kwa urahisi, akaunganisha kwa mstari sehemu zenye urefu sawa, na umbo la mlima likajitokeza kwenye karatasi. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia kontua kuuchora mlima. Leo mpandaji hutumia mistari ya aina hiyo kupima hatari kwa rula: kwenye ramani ya skeli ya 1:25,000 yenye kontua za kila mita 10, mistari ikikaribiana hadi kama milimita 0.7, mteremko umefika nyuzi 30. Nafasi hiyo ndogo, isiyoenea hata punje ya mchele, yaweza kuamua watu wapite wapi.

Ila ustadi wote hupimwa wakati wa kushuka. Kilele cha Ben Nevis ni uwanda uliozungukwa na magenge, na siku nyingi umefunikwa na wingu. Theluji chini na wingu juu vikikutana, mbingu na ardhi huwa kitu kimoja. Mtu hajui kama mguu unaoshuka utakanyaga theluji au hewa. Ndipo zinapohitajika namba mbili ambazo wapandaji hurithishana. Kutoka kwenye nguzo ya upimaji iliyo kileleni, nenda mita 150 kwa mwelekeo wa nyuzi 231 za gridi ya ramani. Kisha geuka, ufuate nyuzi 282 hadi utoke uwandani. Ukigeuka mapema, upande wa kulia kuna korongo la Gardyloo, ambalo ukingo wake huota upenu wa theluji unaoning’inia juu ya shimo. Ukichelewa kugeuka, mbele yako kuna Five Finger Gully, korongo lililoua watu wengi waliodhani wanarudi nyumbani.

Mita 150 hizo hupimwaje pasipo kitu cha kutazama? Kwa miguu. Mpandaji huhesabu kila mara mguu uleule unapokanyaga. Amekwisha kujipima siku ya jua, kwenye tambarare na kwenye theluji ya magoti, anajua mita 100 zake ni hatua ngapi katika hali zote mbili. Mmoja hutangulia, mwenzake nyuma ameshika dira na kumwelekeza kushoto au kulia. Penye shaka hurusha donge la theluji mbele: likitua, pana ardhi, likitoweka, wanasimama. Dira ikikosewa nyuzi 5 tu, mwisho wa mita 150 mtu atakuwa amehama mita 13, na mahali pale mita 13 ni nyingi.

Ninaupenda ufundi huu kwa sababu hauna nafasi ya kujidanganya. Mtu aliyepotea mara nyingi alianza kupotea pale alipotamani mahali aliposimama pawe ndipo alipokusudia kufika, akailazimisha ramani ikubaliane naye. Fundi hufanya kinyume. Hutaja mapema atakachokiona: baada ya mita 300 mteremko utalegea, usipolegea, nimekosea. Huupa mlima ruhusa ya kumkanusha. Hutazama saa pia, akikumbuka kanuni ya William Naismith ya mwaka 1892, saa moja kwa kila maili 3 na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda, naye huongeza muda kwa ajili ya theluji. Desemba jua la huko huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Simu husaidia, lakini baridi hunyonya betri, na nukta kwenye kioo haimwambii mtu theluji iliyo mbele yake imeshikana au la. Uamuzi hubaki wa binadamu, na uamuzi wa kurudi ni sehemu ya ufundi huu sawa na kufika kileleni. Namba 231 na 282 zinatolewa bure kwa yeyote anayeuliza. Kilichobaki ni kazi ya kila mmoja: kujifunza kuhesabu hatua zake mwenyewe siku za jua, hesabu hiyo isije ikafanywa kwa mara ya kwanza ndani ya wingu.