Hongera Wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili

Tangu 2003 Wikipedia ya Kiswahili inaandikwa na watu wasiolipwa hata senti, na anayeanza ndiye huiona vizuri kazi yao. Unabofya "hariri", unaongeza sentensi mbili kuhusu mji wa kwenu, unahifadhi. Ukirudi kufungua historia ya ukurasa, unakuta mtu usiyemjua amenyoosha tahajia, ameliunganisha jina la mto na makala yake, kisha kwenye majadiliano amekukaribisha na kukuomba chanzo kwa upole. Ombi hilo la chanzo ndilo lililonifunza zaidi. Kwa kweli lingefaa lisikike hata madarasani. Wahariri na wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, hongereni sana. Nawe msomaji, makala nyingi bado ni mbegu, yaani fupi mno: ingia, chagua moja, uikuze.