Kusimama Bogoro ukiwa mbele ya skrini

Tarehe 24 Februari 2003, alfajiri, Bogoro ilishambuliwa. Kijiji hicho cha Ituri, mashariki mwa Kongo, kiko kama kilomita 25 kutoka mji wa Bunia, kwenye njia ya kuteremkia Kasenyi na Ziwa Albert. Kesi ya Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo Chui, walioshtakiwa kwa shambulio hilo, ilianza kusikilizwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), The Hague, tarehe 24 Novemba 2009, na mashahidi wengi waliulizwa swali lile lile kwa namna mbalimbali: ulikuwa umesimama wapi, na ukiwa hapo uliweza kuona nini? Miongoni mwa vielelezo vya waendesha mashtaka zilikuwamo picha za digrii 360 za eneo la Institut ya Bogoro, ile shule iliyokuwa na kambi ya wapiganaji wa kundi la UPC na ambako raia walikimbilia wakidhani watanusurika.

Anayetengeneza kurasa za wavuti ana mengi ya kujifunza hapo. Leo kazi ya aina hiyo inafanyika ndani ya kivinjari cha kawaida, kwa WebGL na maktaba za bure kama three.js au Pannellum. Ugumu hauko kwenye kuizungusha picha, maana mistari michache ya JavaScript inatosha. Ugumu ni kumfanya mtazamaji ajue kila wakati amesimama wapi, anaelekea upande gani, na anachokiona ni cha lini.

Tuanze na picha yenyewe. Panorama huhifadhiwa kama picha bapa ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo chake. Msimbo unaibandika upande wa ndani wa tufe, kamera inakaa katikati, na mtumiaji anabadilisha pembe mbili tu: ya kushoto na kulia, na ya juu na chini. Ni rahisi, mpaka simu ya bei nafuu inapoifungua.

Wengi hupima uzito wa faili na kuridhika: JPEG ya megabaiti tatu, bando linatosha. Lakini chipu ya michoro haihifadhi JPEG. Inaifumua picha yote, baiti nne kwa kila pikseli. Picha ya 8192 kwa 4096 ina pikseli zaidi ya milioni 33, kwa hiyo inakula megabaiti 128 za kumbukumbu hata kama faili lilikuwa dogo. Baadhi ya simu, hasa za zamani, hazipokei picha yenye upande unaozidi pikseli 4096; matokeo yake ni skrini nyeusi, na mtumiaji anaulaumu mtandao. Ukishuka hadi 4096 kwa 2048, unabaki na megabaiti 32. Ukiigawa picha hiyo kuwa nyuso sita za mchemraba, kila uso pikseli 1024 kwa 1024, unafika 24, kwa sababu picha bapa hupoteza pikseli nyingi karibu na ncha za juu na chini, ambako kuna anga na majani tu. Ukali unapungua kidogo katikati ya kila uso. Mimi ningekubali hasara hiyo bila kusita. Faida nyingine ni kwamba uso anaoutazama mtu unaweza kupakiwa kwanza, na ule wa nyuma yake ukafuata.

Tena, usichore upya pale ambapo hakuna kilichobadilika. Mifano mingi ya mafunzo huendesha mchoro mara 60 kwa sekunde hata simu ikiwa imelazwa mezani. Chora kidole kinaposogea, kisha nyamaza. Penye umeme wa kubahatisha, betri ni sehemu ya usanifu.

Sasa lebo. Kishawishi ni kuyaandika majina ya mahali ndani ya picha yenyewe. Yaweke juu yake kama vitufe vya HTML: yatasomeka na programu za wasioona, yatafikiwa kwa kibodi, na yatabadilishwa lugha bila kupiga picha upya. Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc, nao unaingia kwenye sifa ya lang. Lakini kuna kosa moja hapa linalojirudia sana. Ili kuiweka lebo kwenye skrini, unagawa nafasi yake kwa umbali ulio mbele ya kamera. Kitu kikiwa nyuma yako, umbali huo ni hasi, mgawanyo unageuza alama, na lebo inatokea mbele yako upande usio wake. Darasa lililo kisogoni linaonekana limeandikwa juu ya barabara! Kwenye ukurasa wa hoteli ni kichekesho. Mbele ya mahakama, ni ushahidi wa uongo. Dawa ni sharti moja: umbali ukiwa sifuri au chini yake, ficha lebo.

Kuhusu vidole, tosheka na touch-action: pan-y. Kusogeza kwa mlalo kutageuza picha, kwa wima kutateremsha ukurasa. La sivyo msomaji ananaswa ndani ya panorama.

Kiungo nacho kibebe msimamo: nukta ya kamera, pembe ya dira, upana wa mtazamo. Wakili akisema “tazama hapa”, wote wafungue hapo hapo. Andika thamani hizo mtu anapoinua kidole, kwa replaceState, ili kitufe cha kurudi nyuma kisijazwe hatua mia.

Upana wa mtazamo ndio unaonisumbua zaidi. Ukiuweka digrii 90, kilima kilicho karibu kinasinyaa na kuonekana mbali. Ukiupunguza hadi 40, kinakujia usoni. Picha ni ile ile, nukta ni ile ile, ila umbali unaohisiwa umebadilishwa na namba moja kwenye msimbo. Kwa shahidi anayedai alimtambua mtu kwa mbali, namba hiyo si pambo. Ionyeshwe waziwazi kwenye skrini, pamoja na kitufe cha kuirudisha ilipoanzia. Hata wakiwa na picha za Bogoro, majaji walifunga safari: tarehe 18 na 19 Januari 2012 walikuwa Ituri, wakapita Bogoro na maeneo mengine yaliyotajwa kesini ili kujionea ardhi ilivyo.

Miaka minne baadaye, katika kesi ya Al Mahdi kwenye mahakama hiyo hiyo, kuhusu kubomolewa kwa makaburi ya kihistoria ya Timbuktu, waendesha mashtaka walitumia jukwaa lililotengenezwa na SITU Research, likiunganisha picha za setilaiti, video na panorama kwa kila eneo. Hapo unaweza kulinganisha kabla na baada. Kwa Bogoro panorama ni ya baada tu: uchunguzi wa ICC nchini Kongo ulifunguliwa Juni 2004, zaidi ya mwaka baada ya shambulio, na nyasi hazisubiri wapelelezi. Kwa hiyo tarehe ya kupigwa picha isiwekwe kwenye maelezo ya chini yanayofunguka kwa kubofya. Ikae kwenye kona ya picha, kwa herufi zinazosomeka juani, na isifichike hata mtu anapotanua skrini nzima.