Mjomba, Ulikuwa Unakata Kushoto: Kumsoma Robert Pirsig Hasamba

Kuna vitabu ambavyo watu huvisifu bila kuvimaliza, na Zen and the Art of Motorcycle Maintenance cha Robert Pirsig ni kimojawapo. Mimi nilikimaliza mara mbili, nikakisifu mara nyingi, na kumbe nilikuwa bado sijakisoma. Hilo nililigundua mwezi uliopita Hasamba, wilaya ya Mbozi, nikiwa nimesimama mbele ya fundi namlaumu kwa kosa langu mwenyewe.

Kwa ambao hamjakutana nacho: kilitoka 1974, baada ya wachapishaji 121 kukikataa. Baba anasafiri kwa pikipiki kutoka Minnesota hadi California, nyuma kampakia mwanawe Chris, mtoto wa miaka 11. Njiani baba anamweleza msomaji mambo mengi: falsafa ya Wagiriki, ugonjwa wa akili uliompata zamani, na namna ya kuitunza pikipiki. Jina lisikudanganye. Mwandishi mwenyewe anakiri mwanzoni kabisa kwamba usitegemee sana kujifunza Zen humo, na hata habari za pikipiki usizichukue kama kitabu cha ufundi.

Wasomaji wengi huruka kurasa za spana na bisibisi wakimbilie falsafa. Mimi kinyume. Pikipiki yangu ni ya safari ndefu, ya miaka ya 1980, ina masanduku mawili ubavuni na nyaya zilizokwisha kupitiwa na mikono mingi kabla yangu. Kwa mtu wa namna hiyo, ukurasa unaoeleza jinsi ya kutafuta ubovu ni kama dua.

Na Pirsig anaueleza vizuri kweli. Anasema ubovu ukikushinda, chukua daftari. Andika tatizo, andika unayodhani ndiyo sababu, andika jaribio la kupima kila dhana, unachotarajia kukiona, ulichokiona, kisha hitimisho. Halafu anatoa onyo ambalo nilikuwa nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu: usiandike kitu usichokijua. Ukiandika kwamba tatizo ni kujua umeme una kasoro gani, tayari umeshadai kwamba kasoro iko kwenye umeme, na nani kakwambia? Andika tu: kwa nini pikipiki haifanyi kazi? Swali linaonekana la kijinga, lakini ndilo pekee lisilo na uongo ndani yake.

Sasa basi. Siku hiyo nilikuwa natoka Tunduma. Nimeshayapita malori ya mpakani na foleni yake isiyokwisha, nimeshaiacha lami, nampeleka mpwa wangu kwa bibi yake. Umri wake ni uleule wa Chris. Nakata kona, ghafla kila kitu kinazima. Injini, taa, dashibodi, vyote kwa pamoja, kama mtu kafunga mlango. Nikajaribu selfu, kimya. Nikabonyeza honi, kimya.

Hapo ndipo Pirsig alipokuja kichwani, na ndipo nilipomsoma juu chini. Yeye anatoa mfano wa honi: honi inakula umeme wa betri peke yake, kwa hiyo betri ikifa honi haitalia. Ni kweli. Mimi nikaigeuza: honi haijalia, kwa hiyo betri imekufa. Ukiitazama vizuri hiyo si hoja ileile hata kidogo. Honi inaweza kunyamaza kwa sababu ya fyuzi, waya, swichi, au honi yenyewe. Ni sawa na kusema mvua ikinyesha njia inalowa, halafu ukikuta njia imelowa unaapa mvua imenyesha, kumbe kuna mama kamwaga maji ya kufulia.

Lakini mimi nilikuwa na sababu ya kutaka iwe betri. Ile betri aliniwekea fundi wa Hasamba wiki chache kabla. Tuliisukuma pikipiki hadi bandani kwake, mpwa wangu akisukuma nyuma, na kabla hata ya salamu kukamilika nikasema, mbele ya vijana wote wa bodaboda waliokaa pale kijiweni: "Fundi, betri uliyoniuzia ni mbovu."

Hakujibu. Alileta mita, akapima: volti 12.6. Betri iliyoshiba, haina neno. Akafungua chini ya siti, akachomoa fyuzi kuu, akaiinua juani nione. Uzi wa ndani umekatika. Akaweka nyingine ya ampea zilezile, 20, kila kitu kikawaka. Akaiwasha na kupima tena betri injini ikizunguka, volti 14 na ushei. Kuchaji kunakwenda sawa. Nikalipa, nikaondoka bila kusema lolote kuhusu betri. Mita mia mbele, kwenye kona ya mashamba ya kahawa, ikazima tena.

Pirsig ana sura nzima kuhusu mitego inayoimaliza ile nguvu ya kuendelea na kazi. Yeye anaiita "gumption", na kila nikijaribu kuitafsiri najikwaa. Ari ni ya mabango ya shule. Mori ni wa vita. Nadhani "moyo wa kazi" ndiyo inayokaribia. Mmoja wa mitego hiyo ni ubovu unaokuja na kwenda, unaojificha ukianza tu kuutafuta, na anasema shoti za umeme mara nyingi ziko kundi hilo, kwa sababu hutokea chombo kikiwa kwenye mwendo. Nilipokuwa naisukuma mara ya pili niliielewa sura hiyo kwa magoti.

Kijana mmoja wa kijiweni akatoa dawa yake: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, uizungushie fyuzi, "itakufikisha tu, kaka." Wanaokifahamu kitabu watakumbuka kopo la bia. Rafiki wa msimulizi ana BMW mpya, usukani unalegea, na msimulizi anamwambia kipande cha bati la kopo la bia kitatosha kuubana. Rafiki anaona ametukanwa. Pirsig anamcheka taratibu, kwamba huyu anaangalia sura ya kitu na hajui kazi yake. Miaka yote nimekuwa upande wa kopo la bia. Ila fundi wetu aliikataa karatasi ya sigara kwa neno moja: "Utaunguza nyaya." Kazi ya fyuzi ni kufa kabla ya waya. Ukiizuia isife, umehamishia kifo sehemu nyingine. Bati la kopo linafanya kazi ya kibanio, lakini karatasi ya sigara haifanyi kazi ya fyuzi. Wote wawili wanabuni kwa kilichopo mkononi, ila mmoja anajua kile kitu kipo kwa ajili gani. Nadhani mfano wa Hasamba unaieleza hoja ya Pirsig vizuri kuliko mfano wake.

Mimi nikatoa daftari. Eti nafuata kitabu. Nikaandika: dhana ya kwanza, rekitifaya imepiga shoti. Dhana ya pili, swichi ya funguo. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, mara zote mbili ulikuwa unakata kushoto." Nikamwambia, "Subiri kwanza, mama, naandika."

Fundi alikuwa amesikia. Akamuuliza, "Kushoto sana au kidogo?" "Sana," akasema mtoto.

Alichofanya baada ya hapo nakiandika kwa ajili ya wenye pikipiki wenzangu, maana Pirsig hakukiandika. Alichukua balbu ya taa ya breki, ya wati 21, akaiunga kwa nyaya mbili mahali pa fyuzi. Balbu inaruhusu umeme kidogo tu upite, kwa hiyo shoti haiunguzi kitu, inaiwasha balbu. Akazima taa, akafungua funguo. Balbu ikawa na wekundu hafifu. Akageuza usukani kulia, hakuna badiliko. Akaugeuza kushoto hadi mwisho, balbu ikawaka pa! Akarudisha, ikafifia. Dakika mbili, na fyuzi mpya hata moja haikuungua.

Akafuatilia nyaya shingoni mwa usukani hadi akaupata mmoja, mwekundu, ganda limelika, shaba inagusa fremu kila usukani ukienda kushoto. Ulikuwa waya wa chaja ya simu. Niliufunga mimi mwenyewe, likizo, nikauunga kwenye waya wa swichi bila fyuzi yake, nikajipongeza.

Mapema kwenye kitabu kuna hadithi ambayo sasa naiona ndiyo kiini chake. Safari moja ya nyuma, mvua kubwa, pikipiki inazima. Baba anatikisa tangi, anasikia mafuta yanachezacheza, anaamua ni maji ya mvua. Safari inakufa, wanarudi nyumbani. Wiki kadhaa baadaye ndipo anagundua kwamba mafuta yalikuwa yameisha, na yale yaliyosikika yalikuwa ya akiba ambayo hakuifungulia. Ukurasa ule hauna falsafa yoyote, na una ukweli kuliko sura nyingi zinazoufuata, kwa sababu pale anayejua ndiye aliyekosea.

Baadaye Pirsig anausahau ukurasa huo. Mafundi wa gereji, wale wa redio na nyundo, wanaharibu, yeye anarekebisha. Ana mfano maarufu wa nyani aliyeshika wali ndani ya nazi, hawezi kuuachia, ananaswa. Ni mfano mzuri. Lakini sisi tuna nyani mwingine, asiyeona kundule, na huyo ndiye aliyekosekana kitabuni. Daftari la Pirsig lina nafasi ya kila dhana isipokuwa moja: kwamba aliyeshika kalamu ndiye aliyeharibu.

Na lina upungufu mwingine. Ni daftari la mtu mmoja. Kwa mamia ya kurasa Chris yuko nyuma, anaumwa tumbo, ananuna, anauliza, na baba anaendelea kufikiri. Karibu na mwisho ndipo tunaambiwa kwamba safari nzima mtoto alikuwa haoni chochote isipokuwa mgongo wa baba yake. Wahakiki wengine huuona mwisho huo kama zawadi. Mimi sasa nauona kama deni lililochelewa kulipwa. Mpwa wangu aliona mgongo wangu, lakini aliona na kona pia, na hakuna safu ya daftari langu iliyoandikwa "aliyepakiwa anasemaje?"

Je, ukisome? Kisome. Sijaona kingine kinachoeleza vizuri hivi namna mtu anavyofikiri mbele ya kitu kilichoharibika. Kisome kwa sauti, mbele ya mtu anayeweza kukukatiza.

Fundi alinitoza elfu tano. Niliongeza mbili, akazirudisha. "Siyo hizo ninazokudai, kaka," alisema. Nilimwelewa, nikavaa kofia, nikaondoka. Wiki iliyofuata nilirudi, kijiwe kikiwa kimejaa, nikasema kwa sauti ileile ya mara ya kwanza kwamba betri yake ni nzima na waya ulikuwa wangu. Akacheka, akanisogezea kigoda.