Xeer: Mila au Mkataba? Njia za Kuchunguza Sheria Zikitazamwa Kutoka Liboi

Katika Liboi, mji mdogo wa Kaunti ya Garissa ulio jirani na mpaka wa Somalia, ugomvi wa malisho au wa damu aghalabu hupelekwa kwa wazee kabla ya kufika kwa hakimu. Sheria wanayoifuata wazee hao Wasomali huiita xeer. Makala haya yanakusudia kulinganisha njia ambazo wataalamu wamezitumia kuchunguza sheria za namna hii.

Eugene Cotran, katika mradi wa chuo cha SOAS cha London, alichapisha juzuu mbili juu ya sheria za kimila za Kenya: ya ndoa na talaka mwaka 1968, na ya urithi mwaka 1969. Aliwakutanisha wazee katika mabaraza, akawauliza, kisha akayapanga majibu yao kwa vifungu. Faida yake haikanushiki, kwani hakimu mgeni alipata kitabu cha kufungua. Lakini kifungu hakituambii ni mzee gani aliyekataa. Tena kitabu kinaishia mpakani mwa Kenya, ilhali tangu Waitalia wakabidhiwe Jubaland mwaka 1925, wanaolipa dia pamoja huweza kuwa pande zote mbili za mpaka.

I. M. Lewis, katika A Pastoral Democracy (1961), alishika njia nyingine. Utafiti wake aliufanya katika Somalia ya Waingereza, si Garissa, na jambo hilo tusilisahau. Hata hivyo alionyesha kwamba xeer ni mapatano baina ya watu wanaolipa na kupokea dia pamoja, na kwamba baadhi ya mapatano hayo yaliandikwa na kuwekwa katika ofisi za wilaya. Yaani ni mkataba: una waliouweka, nao wanaweza kuubadili. Hapo ndipo tafsiri yetu ya "mila" inapopotosha. Mila hurithiwa, mkataba huwekwa. Kwa maoni yangu Lewis amemshinda Cotran, ingawa naye huuona ukoo vizuri kuliko anavyomwona mtu mmoja.

Njia ya tatu ni ya wanasheria wasomao hukumu, nami niliyefunzwa ng'ambo kuheshimu matini naielewa raha yake. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana na ngamia na mbuzi kutolewa. Upande wa mashtaka ulitegemea Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010, kinachotambua njia za jadi za usuluhishi. Mwanasheria huuliza: je, kifungu hicho kinafika kwenye mauaji? Ni swali halali, ila halimgusi aliyeketi barazani wala asiyeitwa.

Chukua hesabu ijulikanayo sana kwa Wasomali: ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Ikiwa ni mila, binti wa marehemu anayelalamika anabishana na mababu. Ikiwa ni mkataba, anaweza kuuliza ni nani aliyeuweka, na kwa niaba ya nani. Nimemsikia mkalimani mahakamani akiitafsiri xeer kuwa "mila na desturi", na karani akaandika vivyo hivyo.