Mcheza Kwao Hutunzwa? Alama za Wachezaji na Sanaa ya Kuhukumu Mjini Kalemie

Utangulizi

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii aghalabu hutajwa penye ngoma na harusi, lakini ndani yake mna swali la uhakiki: ni nani anayetunza, anatunza kwa kipimo gani, na yule aliyecheza ugenini atahukumiwa na nani? Insha hii fupi inakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama jambo ambalo kwa kawaida huachwa nje ya mipaka ya fasihi simulizi, nalo ni mabishano ya mashabiki wa kandanda juu ya alama wanazostahili wachezaji baada ya mechi.

Tumeuchagua mji wa Kalemie, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji ambamo Kiswahili kimekuwa lugha ya bandari, ya reli na ya soko, ilhali Kifaransa ni lugha ya shule na ya ofisi. Mji huo, ambao Wabelgiji waliuita Albertville, ulifikiwa na reli kutoka Kabalo mwaka 1915. Pili, hadi mwaka 2015, mkoa wa Tanganyika ulipoundwa, Kalemie ilikuwa sehemu ya Katanga, na kwa hiyo haishangazi kuwa timu zinazowagawa watu barazani ni zile za Lubumbashi: Tout Puissant Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, zote mbili zilizoanzishwa mwaka 1939. Mashabiki wa Lupopo huitwa “Cheminots”, yaani watu wa reli, na katika mji uliokuzwa na reli jina hilo haliwezi kuwa geni.

Hoja yetu ni nyepesi kuisema, ingawa si nyepesi kuifuata. Alama si hukumu. Hukumu ni ile sababu inayotolewa kuitetea alama mbele ya watu walioutazama mchezo uleule. Mashabiki wanalijua jambo hili, na sisi tulio katika taaluma tunahitaji kukumbushwa.

Alama zilizotoka darasani

Ikumbukwe kwanza kuwa desturi ya kumpa mchezaji nambari haikuzaliwa uwanjani. Jarida la Kijerumani Kicker hutoa alama kuanzia 1 hadi 6, na iliyo bora ni 1, kama ilivyo katika shule za Ujerumani. Gazeti la Italia La Gazzetta dello Sport hutoa alama hadi 10, na 6 ndiyo mpaka wa kutosha, kama ilivyo katika shule za Italia. Kwa hiyo mwandishi wa michezo aliazima kiti cha mwalimu pamoja na fimbo yake. Huko Kongo mtoto wa shule hupimwa kwa asilimia, na 50 ndiyo mstari unaotenga aliyepita na aliyeanguka. Shabiki anaposema kuwa beki fulani amepata pointi nne, anatumia neno lilelile ambalo baba yake alilisoma kwa hofu katika ripoti ya mwisho wa mwaka.

Azima hiyo ina gharama. Alama ya shule haibishwi na anayepewa. Mwanafunzi huipokea, huinamisha kichwa, hurudi nyumbani. Lakini alama hiyo ikishafika barazani hupoteza ule ukimya wake, kwa kuwa pale kila aliyeketi ni mwalimu na hakuna mkuu wa shule. Mwenye kutaja nambari hulazimika papo hapo kuitetea, au achekwe. Tukitazama kwa makini tutaona kuwa baraza la mashabiki limeichukua zana ya kufunga mjadala na kuifanya zana ya kuufungua.

Mwendo wa mabishano

Mabishano ya aina hii yana muundo wake, kama ngano au kitendawili. Tuchukue mfano wa fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu iliyochezwa Abu Dhabi tarehe 18 Desemba 2010, ambapo Mazembe ilifungwa na Inter Milan mabao 3 kwa 0. Kabla ya hapo Mazembe ilikuwa imeitoa Pachuca ya Meksiko kwa bao 1 kwa 0 na Internacional ya Brazili kwa mabao 2 kwa 0, ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya mashindano hayo. Mlinda mlango alikuwa Robert Kidiaba, yule aliyejulikana kwa kushangilia mabao kwa kurukaruka chini akiwa amekalia makalio. Je, siku ile Kidiaba alistahili alama ngapi? Mazungumzo yafuatayo tumeyatunga wenyewe kwa ajili ya uchambuzi, na tumeyaandika kwa Kiswahili sanifu, jambo ambalo tutalirudia baadaye.

“Mimi nampa nne. Mlinda mlango aliyefungwa matatu hawezi kupita nne.”

“Mzee, umehesabu mabao, hukuhesabu dakika. Walifunga dakika ya 13 na ya 17. Baada ya hapo lini tena?”

“Ya 85.”

“Basi kati ya 17 na 85 ni nani aliyesimama golini? Si yeye? Mabeki wangekuwa macho ile robo saa ya kwanza, leo tungesema mengine.”

“Haya, tano. Lakini usiniambie sita.”

Hatua za mabishano haya ni nne. Ya kwanza ni tamko: nambari hutupwa katikati kama karata. Ya pili ni pingamizi, ambalo halielekezwi kwenye nambari bali kwenye kipimo: “umehesabu mabao, hukuhesabu dakika.” Ya tatu ni usimulizi, tukio hurudiwa kwa maneno ili wote walione upya. Ya nne ni marekebisho, na hapa mtoa alama hukubali kusogea kidogo bila kujivua heshima. Kutoka nne hadi tano ni hatua moja tu, lakini imepatikana kwa hoja. Kwa maoni yetu, hatua ya tatu ndiyo kiini. Bila usimulizi nambari zingegongana tu kama mawe mfukoni.

Tunapaswa pia kutaja udhaifu wa baraza. Ushabiki huwapofusha watu. Mwenye timu yake huona alichotaka kuona. Isitoshe, aliyefuata mechi kwa redio humhukumu mchezaji kwa maneno ya mtangazaji, na aliyetazama televisheni huona palipo na mpira tu, wala haoni beki aliyeziba njia upande wa pili hata pasi isipigwe. Kwa hiyo kinachopewa alama ni masimulizi ya mchezo zaidi ya mchezo wenyewe. Mhakiki wa fasihi hapaswi kushangaa, kwani naye huhukumu maisha kupitia kinywa cha msimulizi.

Baraza lina swali jingine ambalo karatasi ya alama haina nafasi yake. Trésor Mputu, mchezaji aliyetegemewa sana na Mazembe, hakucheza Abu Dhabi kwa sababu alikuwa amefungiwa na FIFA kutokana na vurugu dhidi ya mwamuzi katika mechi iliyochezwa Kigali mwaka huohuo wa 2010. Gazeti haliwezi kumpa alama asiyekuwepo. Barazani hupewa, tena kali, maana kukosekana kwake kulikuwa sehemu ya mchezo.

Alama isiyo na sababu

Kinachotokea alama inapobaki na sababu zikapotea kinaonyeshwa na kisa cha Mwepu Ilunga. Huyu alikuwa beki wa Mazembe na wa timu ya taifa ya Zaire, nchi ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza fainali za Kombe la Dunia. Mwezi Machi 1974 timu hiyo ilitwaa Kombe la Afrika huko Misri, na Ndaye Mulamba akafunga mabao 9. Mwezi Juni mwaka huo, huko Ujerumani Magharibi, timu ileile ilifungwa 2 kwa 0 na Uskoti, 9 kwa 0 na Yugoslavia, na 3 kwa 0 na Brazili. Katika mechi ya Brazili, tarehe 22 Juni, Brazili ilipewa mkwaju wa adhabu dakika za mwisho. Kabla Mbrazili hajaupiga, Mwepu alichomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali. Akaonyeshwa kadi ya njano.

Kwa miaka mingi picha hiyo ilirudiwa katika televisheni za Ulaya kama kichekesho: Mwafrika asiyejua sheria za mpira. Alama ilikuwa sifuri, na haikuulizwa sababu. Ilipoulizwa, Mwepu alieleza kuwa sheria alizijua na kwamba alikusudia. Alilalamikia fedha walizoahidiwa wachezaji na wasizipate. Wachezaji wa timu hiyo wamesimulia pia kuwa baada ya kipigo cha Yugoslavia walitishwa na watu wa Rais Mobutu wasithubutu kufungwa zaidi ya mabao matatu na Brazili. Mtu anaweza kuipima sababu moja dhidi ya nyingine, na baraza hufanya hivyo, lakini hawezi tena kucheka kwa wepesi uleule. Mwepu alifariki mwaka 2015, na kicheko hicho hakijafutika kote.

Si hilo tu. Katika mechi ya Yugoslavia, aliyempiga teke mwamuzi alikuwa Mwepu mwenyewe, lakini kadi nyekundu alipewa Ndaye. Kumbukumbu rasmi za mechi zinasema Ndaye alitolewa, na hivyo ndivyo zitakavyosema daima. Ni usimulizi ndio unaomrudishia Ndaye haki yake. Hapa ndipo tunapoona thamani ya mdomo mbele ya karatasi: aliyecheza ugenini akahukumiwa na wasiomjua hutunzwa upya na masimulizi ya kwao.

Lugha nayo imepewa alama ngapi?

Tulisema kuwa mazungumzo yetu ya mfano tuliyaandika kwa Kiswahili sanifu. Barazani Kalemie hayangesemwa hivyo. Msemaji angesema “balicheza muzuri”, si “walicheza vizuri”, na angeyaunga maneno yake kwa viunganishi vya Kifaransa kama “mais” na “donc”. Vincent de Rooij, aliyechunguza mazungumzo ya Kiswahili cha Shaba, yaani Katanga, ameonyesha kuwa viunganishi hivi havitokani na umaskini wa lugha: kwa kuwa vinatofautiana na maneno yanayovizunguka, humsaidia msikilizaji kutambua hoja inapogeuka. Tukirudi kwenye mabishano yetu, ni dhahiri kwamba pingamizi la hatua ya pili ndipo mahali pa “mais”, na marekebisho ya hatua ya nne ndipo mahali pa “donc”. Kinachoitwa kuchanganya lugha kumbe ni mifupa ya hoja.

Hata hivyo Kiswahili hicho kimekuwa kikipewa alama za chini na watu wa mashariki ya ziwa. Kimeitwa kibovu, kimeitwa Kingwana kwa sauti ya dharau. Swali la baraza linafaa kuulizwa hapa: kwa kipimo gani? Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilihusu Kenya, Uganda, Zanzibar na nchi iliyoitwa wakati huo Tanganyika. Kongo ya Wabelgiji haikuwa na kiti katika kamati hiyo. Msemaji wa Kalemie amesahihishwa kwa mtihani ambao hakuketi. Hatusemi kuwa Kiswahili sanifu hakifai. Insha hii yenyewe imeandikwa kwacho. Tunasema kuwa mwenye kutoa alama ataje kipimo chake, na kipimo hicho kiwe kimezungumzwa na pande zote mbili za ziwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa mabishano ya mashabiki ni tanzu ya uhakiki wa mdomo yenye taratibu zake, na kwamba nguvu yake haimo katika nambari bali katika wajibu wa kuitetea. Funzo lake linatuhusu moja kwa moja sisi tunaosahihisha insha za wanafunzi na kuhakiki riwaya za waandishi wetu. Mara ngapi tumeandika 45 pembezoni mwa karatasi bila neno lolote chini yake? Mara ngapi tumekiita kitabu dhaifu, na mwandishi asipate hata sentensi moja ya kupingana nayo? Shabiki wa Kalemie akifanya hivyo huulizwa kabla hajamaliza kikombe chake cha chai. Sisi hatuulizwi, kwa sababu aliyepewa alama hayupo barazani, au yupo na anaogopa. Tuanze basi kuandika sababu chini ya kila alama, ili mwanafunzi apate mahali pa kushika atakapotaka kutubishia.